Marehemu wa Kumi na Moja

Ransom Stokely alikufa mwaka 1971, siku ya Jumanne, akiwa mezani. Kiharusi kilimpata kabla hajamaliza kula, na binti yake Verdella, aliyekuwa na miaka ishirini na saba wakati huo, ndiye aliyemdaka asianguke sakafuni. Mji mzima wa Sarrel, jimbo la Georgia, ulilijua hilo, maana mazishi yalijaa watu hadi barabarani na mchungaji alihubiri kwa saa mbili bila kukaa. Kwa hiyo ilipofika barua ya baraza la kaunti, miaka hamsini na miwili baadaye, ikisema kwamba Ransom Stokely aliuawa na kundi la watu tarehe kumi na tisa Oktoba 1923, Bi Verdella aliisoma mara mbili, akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa aproni, akaisoma tena.

Ilikuwa barua yenye adabu. Ilisema kaunti inaadhimisha miaka mia moja tangu mtaa wa Weusi wa Sarrel uchomwe moto na wakazi wake kuuawa au kufukuzwa. Kwa miaka tisini na tisa kaunti haikuwa imelitaja jambo hilo hata kwa bahati mbaya. Sasa ilikuwa imetengeneza kibao cha shaba chenye majina ya marehemu kumi na mmoja, na kitawekwa mbele ya mahakama. Familia zilialikwa kukaa safu ya mbele na kula chakula cha mchana bure, watu wawili kwa kila marehemu.

Nyumba ya Bi Verdella ilikuwa na watu watatu: yeye mwenyewe, bintiye Lorice aliyepika katika shule ya msingi, na mdogo wake Odell, mzee wa miaka sabini na minne, mstaafu wa kiwanda cha mbao, aliyeishi chumba cha nyuma. Lorice aliposikia habari za barua alicheka mpaka akakaa chini. Odell hakucheka. Aliiomba, akaisoma polepole huku midomo ikicheza, kisha akauliza kama jina la baba limeandikwa kwa herufi kubwa.

"Baba alikufa mikononi mwangu," Verdella alimwambia. "Na wewe ulikuwepo. Ulikuwa unakula mguu wa kuku."

Odell alikubali kwamba alikuwepo. Lakini alisema kaunti haiwezi kuandika kitu kwenye shaba bila kuchunguza.

*

Wiki ile Odell alianza kuvaa kofia yake ya kanisani hata siku za kazi. Kinyozi alikataa malipo yake. Benkini, meneja Mzungu ambaye hakuwahi kumjua kwa jina alitoka ofisini kumshika mkono, akamwambia kwamba familia yake imelipa gharama kubwa. Kamati ya kumbukumbu ilimteua avute kitambaa kufunua kibao, kwa kuwa katika watoto wa marehemu wote kumi na mmoja ni yeye na dada yake tu waliokuwa bado hai. Hakuna aliyejiuliza inakuwaje mtu aliyeuawa mwaka 1923 akapata watoto miaka ya arobaini.

Bi Verdella alikwenda mwenyewe kwenye ofisi ya kamati, Lorice akiendesha. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Bi Carlene Haas, mwanamke Mzungu mwenye moyo mwepesi, na kabla Verdella hajakaa alikuwa ameshamkumbatia na kulia begani kwake. Ukutani kulikuwa na picha ya Ransom Stokely, kazi ya mchoraji aliyelipwa na kaunti: kijana mwenye ndevu, macho ameyainua juu. Verdella alitoa kwenye pochi picha halisi ya baba yake, ya mwaka 1960, mtu mnene asiye na ndevu, amesimama karibu na trekta. Bi Haas aliitazama kwa heshima, kisha akasema kwamba ile ya mchoraji ina huzuni inayofaa zaidi.

Verdella alimweleza tena, pole pole, kama anayemweleza mtoto, kwamba mtu huyo hakufa. Bi Haas alishusha pumzi. Alisema majina yametoka katika gazeti la wakati ule, baraza limeyapigia kura, na kibao kimeshakuja. Na zaidi ya hayo, alisema, watu wangefikiriaje? Kaunti imekaa kimya miaka yote hii, na kitu cha kwanza itakachofanya ni kupunguza idadi ya maiti?

"Watasema tunakanusha historia," alisema, machozi yakimjia upya. "Siwezi kuwatendea watu wenu hivyo."

Verdella alitazama rasimu ya maneno ya kibao mezani. Chini ya majina iliandikwa kwamba waliouawa waliuawa na watu wasiojulikana. Ransom Stokely alikuwa akiwataja watu hao kwa majina, mmoja mmoja, pamoja na maduka yao. Mmoja wao alikuwa babu wa mwenyekiti wa sasa wa baraza, Bwana Royce Tillery. Verdella aliuliza imekuwaje wakapata jina la ambaye hakufa na wakakosa majina ya walioua. Bi Haas alijibu kwamba kwa walioua, ushahidi hautoshi.

*

Mambo yangeishia hapo, na labda Verdella angeliacha, maana alikuwa amechoka na magoti yalimsumbua. Lakini Lorice alikuwa ameomba msaada wa serikali wa kuezeka upya nyumba za wazee. Paa lao lilivuja sehemu nne. Mvua ikinyesha walihamisha kitanda cha Odell mpaka karibu na jiko. Maombi yalipita kila mahali mpaka yakafika kwa msajili wa ardhi wa kaunti, ambaye kazi yake ilikuwa kuthibitisha mwenye shamba. Hapo yakakwama, na Verdella akaitwa.

Karani alikuwa kijana mpole aliyefunga tai fupi. Alieleza kwamba shamba la ekari kumi na mbili ambapo nyumba yao ilisimama lilinunuliwa mwaka 1938 na Ransom Stokely. Lakini azimio la baraza kuhusu kumbukumbu limesajiliwa katika ofisi hiyo hiyo, na linasema Ransom Stokely alifariki mwaka 1923. Kompyuta imeyakutanisha maandishi mawili na imekataa. Mtu aliyekufa hawezi kununua shamba.

"Una ushahidi gani kwamba baba yako alikuwa hai baada ya mwaka 1923?" aliuliza.

"Mimi hapa."

Kijana alitazama kioo cha kompyuta. "Wewe umezaliwa mwaka 1944."

"Ndiyo."

"Hapo ndipo penye tatizo, mama. Ukiwa umezaliwa mwaka huo, huyu hawezi kuwa baba yako."

Verdella alikuja amejiandaa. Alitoa cheti cha kifo cha mwaka 1971. Karani alikisoma, akafurahi kweli, akasema basi jambo ni rahisi: walikuwepo Ransom Stokely wawili. Akaanza kumtafuta wa pili. Baada ya muda uso wake ulibadilika. Cheti cha kuzaliwa kilikuwa kimoja tu, cha mwaka 1901, na hicho kimeshaunganishwa na yule wa kibao. Huyu wa pili alikuwa amekufa bila kuzaliwa.

Lorice aliuliza kama anafanya mzaha. Kijana alisema hapana, na ilionekana wazi kwamba hakuwa na mzaha wowote mwilini mwake. Alisema baraza lirekebishe azimio, yeye atarekebisha siku hiyo hiyo. Lisiporekebishwa, shamba litahesabiwa kuwa halina mwenyewe, na baada ya siku tisini litatangazwa kwa mnada mlangoni pa mahakama. Pale pale, alisema, karibu na kitakapokaa kibao. Alilisema hilo kwa nia ya kuwaelekeza mahali.

Walirudi kwa Bi Haas. Alishtuka sana, akapiga simu tatu, akarudi na jibu kwamba kubadili azimio kunahitaji kikao, na kikao kijacho kipo baada ya sherehe. Akawapa kuponi mbili zaidi za chakula.

*

Jumapili baada ya ibada, Verdella alipika sukuma wiki na mkate wa mahindi, akangoja mpaka Odell amejaza sahani, kisha akamwambia kwamba hatavuta kile kitambaa.

Odell aliendelea kutafuna. Alisema atavuta.

"Watauza nyumba yetu, mjomba," Lorice alisema.

"Watarekebisha baada ya sherehe. Wamesema."

"Na wewe umewaamini lini hao?"

Odell aliweka uma chini. Alisema alifanya kazi kiwanda cha mbao miaka thelathini na minane, akapoteza sikio moja, na siku anastaafu msimamizi alimwita kwa jina la mtu mwingine. "Wiki hii wananifungulia mlango," alisema. "Wiki moja tu, Verdella. Nisubirie wiki moja niwe mtoto wa mtu."

Kulikuwa na jambo ambalo baba alimwambia Verdella peke yake, mara moja tu, mwaka mmoja kabla ya kufa, na hakuwahi kulisema kwa sababu baba alilia alipolisimulia, na yeye hakuwa amewahi kumwona akilia. Sasa alilisema, akitazama sahani yake.

Jina la baba liliingia gazetini kwa sababu maiti mmoja alikutwa kando ya reli amevaa koti lake, na ndani ya mfuko mlikuwa na kadi ya kambi ya vibarua wa kugema utomvu wa misonobari yenye jina la Ransom Stokely. Aliyelivaa alikuwa kibarua kutoka Alabama aliyeitwa Teel Moseby. Alikuwa amefika kambini kiangazi, na baridi ya Oktoba ilimkuta na shati tu. Ransom alimwazima koti jioni ile. Na wale watu hawakuwa wakitafuta kibarua kutoka Alabama. Walikuwa wakimtafuta Ransom, aliyekataa kumvulia kofia msimamizi wa kambi mbele ya watu. Walipoona kadi waliridhika, wakaacha kutafuta. Ransom alikuwa kinamasini, maji kifuani, na alisikia milio ya risasi. Alitembea mpaka Florida. Aliporudi Sarrel mwaka 1936 mwanamke mmoja alizirai dukani.

"Alisema kuna mtu analala kwenye kaburi lake," Verdella alisema. "Na kwamba mtu huyo alikuwa na mke huko kwao, mwenye mimba. Hakuwahi kwenda kuwatafuta. Aliona aibu ya kuwa hai."

Lorice alikuwa ameziba mdomo. Odell akauliza jina la yule mtu tena, akaelekeza sikio lake linalosikia.

"Teel Moseby."

Akaondoka mezani bila kumaliza chakula. Hawakujua ameamua nini.

*

Siku ya sherehe jua lilikuwa kali kama la Julai. Kaunti ilikuwa imesimamisha hema mbele ya mahakama, na kila kiti cha safu ya mbele kilikuwa na karatasi yenye jina la marehemu, kwa hiyo wageni walikuwa wakiambiana kwa adabu kwamba samahani, umemkalia Bwana Pinckney. Maji ya chupa yalitolewa na duka la familia ya Tillery na yalikuwa na picha ya mshumaa. Kwaya ya shule iliimba. Bi Haas alijaribu mara tatu kuanza hotuba yake, kilio kikamzuia, na hatimaye hotuba ikasomwa na dereva wake.

Bwana Tillery alisimama kusoma majina. Utaratibu ulikuwa kwamba jina likisomwa, kengele inagongwa na familia inasimama na waridi jeupe. Odell alisimama tayari pembeni ya kibao, kamba mkononi, kofia kifuani. Bwana Tillery alisoma wa kwanza, wa pili, mpaka wa kumi. Familia zilisimama, na katika hizo kulikuwa na watu waliokuja kutoka mbali, Chicago na Detroit, waliolia kilio kisichokuwa cha sherehe. Verdella aliwaonea haya. Alijiuliza ana haki gani ya kuwaharibia siku ambayo wazazi wao waliifia bila kuiona.

"Ransom Stokely," alisoma Bwana Tillery.

Kengele ikagongwa. Verdella alisimama, na Lorice akasimama naye. Alisema kwa sauti ya kawaida, na kipaza sauti cha kwaya kilichokuwa karibu kikaichukua: aliyekufa siye Ransom Stokely. Aliyekufa ni Teel Moseby wa Alabama. Alikuwa amevaa koti la kuazima kwa sababu ya baridi.

Watu waliitikia amina. Mama mmoja safu ya tatu alisema, sema, dada. Mtu akaanza kupiga makofi, wengine wakamfuata, na Bi Haas akauweka mkono moyoni, maana aliamini ni shairi. Verdella alirudia, kwa sauti kubwa zaidi, na makofi yakaongezeka. Akakaa. Hakuwahi kushangiliwa hivyo maishani mwake na hakuwahi kujisikia mpweke hivyo.

Bwana Tillery akampa Odell ishara avute. Odell hakuvuta. Bwana Tillery akadhani ni lile sikio bovu, akamsogelea, akanyoosha kidole kwenye kamba.

"Nimekuona," Odell alisema. Kipaza sauti kilikuwa mbele yake kabisa. "Lakini kibao kina makosa. Hapa mmeandika baba yangu alikufa mwaka 1923. Mwaka 1959 alinichapa fimbo kumi na mbili kwa sababu ya kuvunja kioo cha trekta. Nilizihesabu."

Mtu mmoja akacheka, kisha hema zima. Odell aliwangoja wamalize. Kisha akasema, bila haraka, kwamba aliyechapwa na maiti angekumbuka. Kwamba mtu wa kumi na moja yupo, jina lake ni Teel Moseby, ameshatajwa na dada yake mara mbili, na wao walichofanya ni kupiga makofi. Akaifunga kamba kwenye nguzo kwa fundo zuri la kiwandani, akavaa kofia, akaenda kukaa karibu na dada yake. Ilibidi askari wa zamu akate kamba kwa kisu ili kibao kifunuliwe.

Chakula cha mchana hawakupewa. Kuponi zao, waliambiwa, zilikuwa za familia ya marehemu.

*

Baraza lilikaa kikao cha dharura siku nne baadaye. Lilizungumza kwa saa tano na kutoa azimio jipya, ambalo karani wa tai fupi alimletea Verdella nyumbani mwenyewe, kwa furaha. Lilisema kwamba Ransom Stokely alifariki mwaka 1923 kwa madhumuni ya kumbukumbu peke yake, na kwamba kwa madhumuni ya ardhi, kodi na urithi alifariki mwaka 1971. Shamba likabaki lao. Mafundi wa paa walikuja mwezi uliofuata. Kuhusu Teel Moseby, baraza lilisikitika kwamba hakuna hati yoyote inayoonyesha amewahi kuwapo, na likashauri familia yake iwasilishe maombi.

Odell alirudi kuwa Odell. Kinyozi alianza kumtoza tena. Meneja wa benki alikuwa na shughuli nyingi.

Lakini mtu fulani mle hemani alikuwa amemrekodi kwa simu, na video ya mzee aliyechapwa na baba yake marehemu ilisambaa nchi nzima. Watu waliicheka huko Texas, wakaicheka huko New York. Muuguzi mmoja wa Alabama, jina lake Renita, aliifungua wakati wa mapumziko ya kazi, akacheka na wenzake, na lilipotajwa jina la Teel Moseby akaacha kucheka. Ilimchukua siku tatu kupata namba ya Lorice.

Alipiga Jumamosi asubuhi, mafundi wakigonga juu ya paa. Alisema nyumbani kwao kuna bibi mkongwe wa familia, Bi Ouida Moseby, aliyezaliwa Februari 1924. Baba yake aliaga kiangazi cha mwaka uliotangulia kwenda kutafuta kazi Georgia, mwezi mmoja tu, na hakurudi. Mama yake aliukata uso wa mumewe kwenye picha ya harusi. Shuleni walimwita mtoto wa mtoro. Yupo hapa, alisema Renita, anataka kuongea.

Lorice akampa mama yake simu. Verdella akatoka nayo barazani, mbali kidogo na nyundo, Odell akamfuata.

Sauti ya upande wa pili ilikuwa nyembamba lakini haikutetemeka. Ilisema imeambiwa kwamba yeye ndiye anayejua alikokwenda baba yake. Verdella alimweleza yote: kambi, baridi, koti, reli. Hakuruka kitu. Alifika mahali ambapo angeweza kunyamaza, akaendelea.

"Walikuwa wanamtafuta baba yangu, Bi Ouida. Siyo wako. Sisi sote hapa tumezaliwa kwa sababu hiyo."

Verdella aliibana simu zaidi sikioni.

"Kwa hiyo hakutukimbia," ilisema sauti.

"Hapana. Hakuwakimbia."

Bi Ouida alitoa simu mdomoni. Verdella alimsikia akiwaambia watu waliokuwa naye chumbani, kwa sauti kubwa: hakutukimbia. Kisha tena, kama anayemwambia mmoja aliyekuwa amekaa mbali zaidi: hakutukimbia. Watu wengi wakaanza kusema kwa wakati mmoja, na kiti kikaburutwa.

Odell alimgusa dada yake mkono. Aliuliza anasemaje.

Verdella akamsogezea simu kwenye lile sikio zima, akaishikilia hapo asikie mwenyewe.